Fosi akaunti, mkandarasi au mkataba wa mwaka? Kuchagua njia ya kukarabati majengo ya halmashauri

Paa la madarasa mawili linavuja. Mwalimu mkuu ameandika barua, diwani amelisemea kwenye baraza, na hatimaye fedha zimepatikana. Linabaki swali ambalo halmashauri nyingi za Tanzania hulijibu kwa mazoea: tufanye kwa fosi akaunti, tutangaze zabuni ya mkandarasi, au tumwagize mzabuni ambaye tayari ana mkataba wa mwaka? Mazoea hayo ndiyo yanayotuachia majengo yanayokarabatiwa upya kila baada ya misimu miwili ya mvua. Kabla ya kufika kwenye bei, jiulize mawili. Je, ubovu wote unaonekana kabla ya kubomoa? Na nani atakuwepo pale kila siku kazi ikiendelea?

Kwenye fosi akaunti, halmashauri au shule yenyewe hununua vifaa na kumlipa fundi jamii, yaani fundi wa eneo hilo, ufundi wake tu. Kwa mkandarasi, kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) hubeba vifaa, ufundi, usimamizi na hatari kwa bei moja ya mkataba. Mkataba wa mwaka, ambao Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA) huuita mkataba maalum, hufunga bei za vipengele mwanzoni, kisha kazi huagizwa kipande kwa kipande kadiri hitaji linavyojitokeza. Njia zote tatu zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa TANePS mwaka 2023, na zote zinaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake za 2024. Kwa hiyo wanaosema fosi akaunti ni njia ya kukwepa taratibu wamekosea. Ni utaratibu wenye masharti yake, na karatasi zake ni nyingi kuliko za mkandarasi.

Ukarabati si ujenzi mpya

Mwaka 2021, fedha za mkopo wa IMF za kukabiliana na UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fosi akaunti, shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Tangu hapo watu wengi wanaamini kwamba kilichofaa kule kitafaa popote. Lakini madarasa yale yalikuwa na ramani moja, kiwanja kitupu na orodha ya vifaa iliyofanana kutoka shule hadi shule. Jengo la mwaka 1978 halina orodha. Ukitoa bati unakuta papi, yaani mbao zinazoshika bati, zimeliwa na mchwa. Ukitoa papi unakuta kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, imeoza pale inapokalia ukuta. Ukigusa ukuta, lipu yote ya juu inadondoka.

Ndiyo maana siku ya kwanza ya ukarabati ni ya kupima. Ingieni darini na tochi na bisibisi. Ichomeni kila kenchi kwenye ncha zake mbili, na papi pale msumari wa bati unapopita. Mbao nzima hukataa. Iliyooza humeza bisibisi. Gongeni lipu kwa mpini wa nyundo: iliyoshika hutoa mlio mzito, iliyoachia hulia kama debe tupu. Zungushieni chaki sehemu zote tupu, pimeni, pigeni picha zenye futi ndani yake. Kazi hiyo ya siku moja kwa watu wawili ndiyo itakayowaambia njia ipi inafaa, kwa sababu itaonyesha ni kiasi gani cha ubovu bado kimejificha.

Kila njia na ubovu uliojificha

Mkandarasi mwenye mkataba wa bei moja kwa kazi nzima ni chaguo baya kwa jengo ambalo halijafunguliwa. Akiwa mjanja ataweka bei ya hofu. Akiwa na njaa ya kazi ataweka bei ndogo, halafu atakuja na madai ya kazi za ziada wiki ya pili, baada ya bati kushuka na watoto kukaa chini ya mti. Hapo halmashauri haina nguvu ya kukataa. Kwa majengo ya namna hiyo, mkataba uwe wa kulipa kwa kipimo: BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, inatoa makadirio ya kila kipengele, lakini malipo yanafuata kilichopimwa na pande zote mbili na kusainiwa kwenye kitabu cha vipimo. Wekeni vipengele vya kazi zinazotarajiwa hata kama hamjui idadi, mfano "toa na weka kenchi moja kamili, mbao za dawa, idadi ya makadirio 4". Bei ya kenchi moja ikishindanishwa wakati wa zabuni, kenchi ya tisa ikioza hakuna mabishano. Wekeni pia fedha ya tahadhari ndani ya mkataba, na muandike wazi kwamba haitumiki bila maandishi ya msimamizi.

Fosi akaunti inavumilia mshangao kwa urahisi zaidi upande wa ufundi, maana fundi yupo na mnaelewana bei ya nyongeza papo hapo, mradi iandikwe. Inakwama upande wa vifaa. Mbao za ziada zinahitaji ombi jipya, idhini mpya, hati mpya ya kuagizia (LPO). Kama mhasibu yupo safarini, paa linabaki wazi. Dawa yake ni kununua kwa mafungu matatu na si kwa mkupuo: kwanza mbao na bati, kisha saruji na mchanga wa lipu na sakafu, mwisho rangi, vitasa na vioo. Fungu la pili linapimwa upya baada ya paa kukamilika. Anayenunua saruji yote siku ya kwanza hujikuta na mifuko iliyoganda stoo. Saruji ikae juu ya vichanja, mbali na ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na itumike ndani ya miezi mitatu.

Tahadhari moja hapa: kununua kwa mafungu kufuatana na hatua za kazi ni halali kama yote yamo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Kuyagawanya ili kila fungu liwe chini ya kiwango fulani cha ununuzi ni kosa, na mkaguzi hulitambua kwa kutazama tarehe tu.

Mkataba wa mwaka haukukusudiwa kwa ubovu uliojificha. Nguvu yake iko kwenye yale yanayoharibika kila mwezi na ambayo kila mtu anayajua: kitasa, koki ya nusu inchi, choo kilichoziba, kioo, bati moja lililong'olewa na upepo, taa za wodi ya wazazi.

Bei

Fosi akaunti huonekana nafuu, na mara nyingi ni nafuu kweli, ila si kwa kiasi kinachotajwa. Chukulia kazi yenye vifaa vya shilingi milioni 10, VAT ikiwa ndani, na ufundi wa milioni 3. Kwa fosi akaunti karatasi inaonyesha milioni 13. Mkandarasi aliyesajiliwa VAT anaondoa VAT aliyonunulia, anabaki na vifaa vya kama milioni 8.47, anaongeza ufundi milioni 3, anaweka asilimia 20 ya gharama za uendeshaji na faida, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote. Inakuja kama milioni 16.2. Tofauti ni milioni 3.2, na ndiyo hoja ya watu wote wanaopenda fosi akaunti.

Sasa weka usimamizi. Shule iko kilomita 70 kutoka makao makuu. Kazi ni ya wiki nane, mhandisi anakwenda mara mbili kwa wiki. Hizo ni safari 16 za kilomita 140, jumla kilomita 2,240. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita linakunywa lita 280. Zidisha kwa bei ya mafuta ya mwezi huo inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ongeza posho ya mhandisi na dereva kwa safari 16, na matairi. Sehemu kubwa ya ile milioni 3.2 inayeyuka. Na kama mhandisi haendi mara mbili kwa wiki, basi hamjaokoa chochote. Mmenunua kazi isiyosimamiwa. Shule kumi zilizo kwenye kata moja zinabadilisha hesabu hii kabisa, kwa sababu safari moja inakagua zote. Fosi akaunti inalipa pale kazi zinapokuwa karibu karibu, au pale penye fundi sanifu wa ujenzi anayekaa tarafa hiyohiyo.

Kwa mkandarasi, msisahau kodi ya zuio. Kwenye mikataba ya ujenzi inayojumuisha vifaa, sheria huchukulia uwiano wa vifaa kwa huduma kuwa 3 kwa 2, na asilimia 5 inakatwa kwenye sehemu ya huduma, yaani asilimia 2 ya malipo kabla ya VAT. Mhasibu akikata asilimia 5 ya hati nzima, mkandarasi mdogo anakwama kifedha katikati ya kazi bila kosa lake.

Bei za mkataba wa mwaka zina mtego wake. Mzabuni anayejua kuwa vitasa hubadilishwa mara 200 kwa mwaka na milango mizima mara 5, ataweka kitasa ghali na mlango wa bei ya kutupa, na kama mlilinganisha bei moja moja atashinda kwa jumla inayopendeza macho. Kila kipengele kiwe na idadi ya makadirio inayotokana na daftari la matengenezo la mwaka uliopita, na kinacholinganishwa kiwe kapu zima. Umbali nao uwe na bei yake: kanda ya ndani ya kilomita 20, ya 21 hadi 50, na zaidi ya hapo. Msipofanya hivyo, hakuna mzabuni atakayekwenda kilomita 60 kubadilisha koki moja. Hata mkifanya, kusanyeni maombi ya kata nzima kwenye oda moja, isipokuwa dharura.

Ubora: mahali ambapo fedha hupotea bila kelele

Kwenye fosi akaunti nyinyi ndio mnaopokea vifaa, kwa hiyo hasara ya bati jembamba ni yenu moja kwa moja. Jengo la madarasa mawili lenye urefu wa nje wa mita 18.5 na upana wa mita 7.3, paa likitokeza mita 0.6 kila upande kwa mwinamo wa nyuzi 20, lina eneo la paa la kama mita za mraba 178. Chuma chenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita kina uzito wa karibu kilo 0.8 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo bati likipungua unene kwa kiasi hicho tu, paa lenu limepungukiwa kilo 140 za chuma mlichokilipia. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28 ingawa namba ni kubwa, na kwa rangi huwezi kuzitofautisha. Kamati ya mapokezi iwe na kipimeo cha unene, ipime mabati matano yaliyochomolewa katikati ya mrundo, si ya juu, na iandike vipimo kwenye hati ya mapokezi. BOQ nayo itaje unene kwa milimita badala ya geji pekee.

Lipu ina hesabu yake pia. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 4 na unene wa milimita 15, mfuko wa kilo 50 hutosha kama mita za mraba 9. Weka 8 kwa sababu ya upotevu. Ukiambiwa mfuko umepiga mita 15 kwa unene huohuo, mchanganyiko umefika 1 kwa 7, na lipu hiyo itachubuka kwa ukucha. Rangi ya maji hutandika kama mita za mraba 10 kwa lita kwa mkono mmoja, basi ndoo ya lita 20 ni mita 100 kwa mikono miwili. Hesabu hizi tatu, pamoja na kuhesabu mifuko mitupu na ndoo tupu kabla ya kulipa hatua, zinafaa kwa njia zote, lakini kwenye fosi akaunti ndizo ulinzi pekee mlio nao.

Kamati tatu za fosi akaunti, yaani ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, zisiwe na mtu mmoja anayeonekana kwenye mbili. Kwenye shule ndogo yenye walimu sita hili ni gumu, na hapo ndipo wazazi wenye ujuzi huingizwa: fundi seremala mstaafu kwenye kamati ya mapokezi ana thamani kuliko semina. Leja ionyeshe kilichoingia, kilichotoka, nani alichukua na kwa kazi ipi. Mapungufu ya leja hizi ni hoja ya ukaguzi ya kudumu, na wanaoitwa kujibu ni mwalimu mkuu au mganga mfawidhi ambaye hakusomea ujenzi. Tunaliona hili kuwa jambo zito. Mtu asibebeshwe mradi wa mamilioni bila kukabidhiwa hata nusu siku ya maelekezo ya mhandisi.

Kwa mkandarasi, ulinzi wenu ni mkataba: dhamana ya utekelezaji, fidia ya ucheleweshaji, fedha inayozuiwa hadi kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi hurekebisha kasoro za kazi yake, kiishe. Hapa kuna kosa linalojirudia. Paa linakamilika Agosti, kipindi cha matazamio ni miezi sita, kinaisha Februari. Masika inaanza Machi. Fedha iliyozuiwa imekwisha kurudishwa kabla mvua kubwa haijaligusa paa. Kwa kazi yoyote ya paa, gata au mifereji, andikeni miezi 12, au andikeni kwamba kipindi hakitaisha kabla ya Mei 31 kwa mikoa yenye masika. Siku ya ukaguzi wa mwisho nendeni wakati mvua inanyesha au mara baada yake, mkague dari kwa madoa mapya.

Fundi jamii hana dhamana ya benki, na si haki kumdai. Mkataba wake wa ufundi unaweza kubakiza asilimia 5 hadi 10 ya malipo ya mwisho hadi mvua ya kwanza ipite, lakini mwambieni tangu siku ya kusaini na mlipe hatua nyingine kwa wakati. Fundi anayecheleweshewa hatua ya pili kwa mwezi mzima ataondoka na vijana wake, na atakayekuja kumalizia hatakubali lawama ya kazi asiyoianza.

Kazi ambazo hazina mjadala

Paa la asbestosi. Lipo kwenye shule na zahanati za zamani, na halifai kabisa kwa fosi akaunti. Nyuzi zake zikivunjwa huingia kwenye mapafu na huleta saratani miaka mingi baadaye, kwa fundi na kwa watoto waliocheza kwenye vumbi. Mkandarasi mwenye uwezo huo alowanishe vigae kwa maji, avifungue vizima bila kukata wala kuangusha, avifunge kwenye nailoni nzito, asifagie kavu. Taka hizo ni hatarishi. Mazungumzo na NEMC, baraza la taifa la mazingira, juu ya usafirishaji na mahali pa kuzika yaanze kabla ya zabuni, na gharama zake ziwe kipengele kinachojitegemea kwenye BOQ. Ikiachwa ndani ya "kubomoa paa la zamani", vipande vitaishia nyuma ya vyoo.

Umeme: fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa njia yoyote mtakayochagua. Nyufa zinazopita kwenye tofali na kuonekana pande zote mbili za ukuta, hasa zile zinazopanda kama ngazi kutoka kona ya msingi: msianze na mkandarasi wala fundi, anzeni na mhandisi achimbe na kuona msingi. Kuziba ufa huo kwa lipu ni kutupa saruji.

Kalenda

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mikoa yenye masika na vuli ina dirisha la ukavu la Juni hadi Septemba. Dodoma, Mbeya au Ruvuma mvua huanza karibu Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Shule zinafunga Juni na Desemba. Kazi ya paa kwa mkandarasi inatakiwa ifunguliwe Julai, maana yake vipimo na BOQ vikamilike Machi na nyaraka za zabuni ziwe tayari kabla ya bajeti mpya kuanza. Halmashauri inayoanza kupima Agosti itasaini Oktoba na kufungua paa mvua za vuli zikiwa mlangoni.

Fosi akaunti inaweza kuanza haraka zaidi kwa kazi ndogo, na ndiyo faida yake kubwa kuliko bei. Mkataba wa mwaka ndio wa haraka kuliko zote ukishafungwa: muweke saa 24 kwa dharura, siku 3 kwa kinachozuia huduma, siku 14 kwa mengineyo, na makato kwa oda inayochelewa. Wazabuni wawe wawili au watatu kwa kila kanda, ili mmoja akishindwa oda iende kwa wa pili. Lakini hakuna mzabuni anayekuja ndani ya saa 24 kwa halmashauri ambayo haijamlipa oda za miezi mitatu, kwa hiyo fedha zithibitishwe kabla ya kila oda. Njia hii pia ndiyo rahisi kutimizia lile sharti la kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalum: kupaka rangi, kuchomelea madirisha na kutengeneza madawati ni kazi ambazo kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu kilichosajiliwa kinazimudu.

Kuchanganya

Turudi kwenye paa letu. Ukaguzi wa bisibisi ukionyesha kenchi zote nzima na mabati ndiyo yaliyochoka, na kuna fundi sanifu karibu, fosi akaunti inatosha. Kenchi zaidi ya robo zikimeza bisibisi, tafuteni mkandarasi kwa mkataba wa kipimo, wenye matazamio ya miezi 12. Likiwa ni bati moja na kofia ya paa iliyopeperuka, ni oda ya mkataba wa mwaka, iandikwe leo.

Jengo moja linaweza kubeba njia mbili pia, mradi mpaka wake uandikwe: mkandarasi anamaliza paa na kulikabidhi kwa hati, kisha fundi jamii anaingia kwenye lipu na rangi. Kwenye hati hiyo ya makabidhiano pigeni picha za kuta zote kabla fundi hajaingia, na muandike nani anaruhusiwa kupanda juu ya paa baada ya siku hiyo. Mpaka rangi tu akikanyaga bati katikati ya papi, uvujaji utakaofuata kila upande utausukumia mwingine.